Masahihisho Madogo ya Vyurani

Nchi yenyewe haina jina. Si kwamba ilikosa watu wa kuipa. Kamati ya Jina la Nchi iliundwa siku ileile ya uhuru, ikapewa chumba, viti na birika la chai, na mpaka leo inaendelea na kazi kwa bidii kubwa. Wananchi huiita Nchi, wageni huiita Nchi Ile, na mambo yanakwenda.

Nchi hiyo ilikuwa na Mkuu. Alikuwa amekaa kitini muda mrefu sana, hata kiti chenyewe kilikuwa kimebadilishwa mara nyingi na yeye hajabadilishwa. Hakupungukiwa na kitu ila neno. Wananchi walikuwa wameanza kuulizana, kwa adabu kabisa, hali kama ile inaitwaje, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuwajibu bila kufungwa.

Neno lililetwa na Mheshimiwa Kondo Mapepe, Waziri wa Mambo Yajayo, kutoka katika mkutano wa mazingira ng'ambo. Mkutano ulikuwa mrefu, na Mheshimiwa alilala usingizi mzuri tangu ufunguzi. Lakini kila alipogutuka alimsikia mkalimani sikioni akitaja neno moja: uendelevu. Akalala, akagutuka: uendelevu. Mtu mwingine angeuliza maana yake. Mheshimiwa Mapepe hakuwa mtu wa kupoteza wakati wa Serikali kwa maswali.

Aliposhuka kwenye ndege aliwakuta waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi, nimewaletea uendelevu."

"Ndio nini, Mheshimiwa?"

"Swali zuri. Uendelevu umetokana na kuendelea. Kinachoendelea ni endelevu. Kinachokoma si endelevu. Kuna swali jingine?"

Mwandishi mmoja aliinua mkono, akaona hakuna mwenzake aliyeinua, akautumia kujikuna kichwa.

Watu wa nchi nyingine wanasema kwamba maana ya neno hilo ni kutumia vitu leo bila kuwamalizia watakaokuja kesho. Lakini hao ni watu wa nchi nyingine, na wana uhuru wa kukosea. Mkuu wa Nchi alipoelezwa maana aliyoitoa Waziri, macho yalimlengalenga machozi.

"Kumbe," alisema, "miaka yote hii mimi nilikuwa endelevu, na sikujua!"

Siku hiyohiyo amri ikatoka. Kila idara katika Chuo Kikuu cha Nchi itafiti uendelevu na kuufundisha, na lijengwe jengo kubwa la Taasisi ya Uendelevu, liwe la ghorofa, na liwe na vioo.

*

Chuo Kikuu kilitii upesi, maana kutii ndiyo taaluma iliyostawi zaidi pale.

Mkubwa wa chuo aliitwa Profesa Dakta Mhandisi Kasimoto Ndelembi. Vyeo vyote vitatu vilikuwa lazima vitamkwe, naye hakuitikia salamu mpaka msalimiaji avimalize. Aliwakusanya wakuu wa idara akawapa amri, nao wakarudi kazini kama watu walioumwa na siafu.

Idara ya Uhandisi ilijenga daraja juu ya mtaro wa chuo, likaishia katikati ya hewa. Mkuu wa idara alieleza kwamba daraja likifika ng'ambo limekwisha, na likikwisha si endelevu. Wanafunzi walilipanda, wakaangalia mandhari, wakarudi walikotoka. Idara ya Tiba ilitangaza kwamba mgonjwa akipona matibabu hukoma, kwa hiyo madaktari wakaanza kufundishwa kutibu bila kufika huko. Idara ya Muziki ilitunga wimbo usio na mwisho. Mwimbaji wa sauti ya juu alizirai, akaondolewa, akawekwa mwingine juu ya noti ileile. Katika Hisabati, theluthi moja ilipewa cheti cha heshima, kwa sababu ukiiandika kwa desimali haina kikomo, na nusu ikakaripiwa hadharani. Mkuu wa Idara ya Sheria alisimama, akacheka kwa upole, akasema wenzake wanajifunza leo mambo ambayo mahakama zinayafanya tangu enzi za mkoloni.

Magazeti yakaandika kwamba hakuna chuo duniani ambacho taaluma zake zote zimeungana namna hiyo. Hilo lilikuwa kweli.

*

Sasa katika chuo hicho alikuwapo mwanamke mmoja mkavu wa maneno, Mashavu Kilindo, aliyefundisha jiografia sekondari mpaka nywele za mbele zikaanza kuota mvi, ndipo akaja kutafuta shahada ya udaktari. Utafiti wake ulihusu kinamasi cha Vyurani.

Kinamasi hicho kilikuwa nyuma ya kumbi za mihadhara. Mtu asiyejua aliona pale matete na tope, na vyura waliokuwa wakipiga kelele mchana kutwa hata wahadhiri wakalazimika kupaza sauti. Lakini mvua zote za vilima vile zilituama pale, zikanywea ardhini taratibu, zikatokea chini bondeni katika chemchemi. Chemchemi hizo ndizo zilizonywesha mji mzima: mtaa wa Bondeni alikozaliwa Mashavu, mabomba ya chuo, na hata Ikulu. Tasnifu ya Mashavu ilikuwa nene, ina michoro na ramani, lakini ukiikamua inatoa sentensi moja: kinamasi kikijazwa kifusi, mji utakauka.

Wapima ardhi wa Serikali walipozunguka chuoni kutafuta mahali pa kujenga Taasisi ya Uendelevu, walirudi na ripoti ya kufurahisha. Kulikuwa na kiwanja kimoja kikubwa ambacho hakina kitu. Kiwanja hicho kilikuwa Vyurani.

Mashavu hakutishika, maana Nchi ilikuwa na sheria. Sheria ya Mahali Palipotafitiwa ilisema kwamba mahali penye tasnifu ya udaktari iliyofaulu hapajengwi mpaka Serikali iisome tasnifu yenyewe. Na kwa kuwa serikalini hapakuwa na mtu wa kusoma kitabu kinene, sheria hiyo ilikuwa imehifadhi misitu na magofu mengi bila walinzi. Mashavu alihitaji kufaulu tu. Kazi alikuwa amekwisha kuiandika. Ilibaki kuitetea mbele ya jopo.

Alimweleza mama yake, Bi. Zamda, aliyekuwa ameinama kwenye matuta yake ya mchicha kule Bondeni.

"Nikifaulu tu, mama, hawawezi kumwaga pale hata beseni la kifusi."

"Na usipofaulu?"

"Nitafaulu. Kila kitu kimo."

"Wewe mtoto, sikukuuliza kama kimo. Nimeuliza usipofaulu."

Bi. Zamda akang'oa gugu, akalitupa.

"Haya. Kawaambie na hao maprofesa wako kwamba sisi huku hatuna maji mengine ya akiba mahali. Waambie kwa heshima, lakini waambie."

*

Jopo liliketi asubuhi, katika ukumbi wenye dirisha pana la kuangalia Vyurani. Kwa kuwa amri ilitaka taaluma zote ziungane, kila idara ilileta mtu, ukumbi ukajaa majoho. Mwenyekiti alikuwa Profesa Dakta Mhandisi Ndelembi mwenyewe. Kulia kwake aliketi Profesa Gwantwa Lihinda wa Uchumi, na kushoto Profesa Shangwe Mtopa wa Isimu, mzee mwembamba aliyesahihisha hata salamu. Nje vyura walikuwa wakilia kwa nguvu zao zote.

Mashavu akaeleza, akajibu. Alijibu vizuri.

"Huyu chura," alisema Profesa Lihinda, "ana mchango gani katika pato la taifa?"

"Anakula mbu, Profesa."

"Kwa hiyo anaharibu soko la vyandarua."

"Profesa, watu wa Bondeni hawaugui malaria kwa sababu ya..."

"Ndiyo maana Bondeni hakuna duka la dawa. Naandika hapa: kikwazo cha maendeleo."

Profesa Mtopa akasema neno kinamasi linamkera, lina utelezi mdomoni. Kwa nini mtahiniwa hakutumia ardhi oevu? Mashavu akajibu kwamba wenyeji wanakiita kinamasi. Profesa Mtopa akasema wenyeji ndio chanzo cha makosa mengi ya lugha.

Ilipofika adhuhuri maswali yakawa yamekwisha. Watahini walianza kutazamana. Mtu mmoja wa Idara ya Kilimo, ambaye hakuwa amezoea mambo ya wakubwa, akasema, "Basi Mwenyekiti, tupige kura tufunge."

Ukumbi ukapoa.

"Tufunge?" aliuliza Mwenyekiti taratibu. "Yaani sisi, jopo la uendelevu, tukae hapa tukome?"

Yule wa Kilimo akajikunyata katika joho lake. Mwenyekiti akawageukia wengine. Tasnifu hii, alisema, inahusu uendelevu. Jopo linaloihukumu ni la uendelevu. Je, inaingia akilini jambo kama hilo liwe na mwisho? Majoho yakapiga makofi. Ikakubaliwa kwamba utetezi uendelee, na jioni watu waende kulala bila kikao kufungwa, na asubuhi waje waendelee.

Wakaendelea. Kesho yake waliendelea, na juma lililofuata, na mwezi uliofuata. Maswali yaliyokwisha yaliulizwa tena kwa sauti nyingine. Mwanasheria aliuliza kama kinamasi kina haki ya kushtakiwa. Mtu wa Michezo aliuliza kina uwezo wa kuchukua watazamaji wangapi.

Aliyefurahia kuliko wote ni Mama Siwema, mwanamke mnene mwenye mkataba wa chai ya vikao. Aliingia na birika na sinia la maandazi, akiwapitia mmojammoja.

"Endeleeni, walimu wangu, endeleeni. Profesa Lihinda, chukua na hili, hilo ulilochukua limeungua." Kisha, akifika kwa Mashavu, alishusha sauti. "Mwalimu, usijisumbue. Hawa hawatoki."

"Watatoka tu, Mama Siwema. Kila kikao kina mwisho."

"Waende wapi? Nyumbani wake zao wamewachoka, darasani wanafunzi wamewachoka. Hapa kuna feni, kuna andazi, na kuna wewe wa kumwuliza. Hata mimi nisingetoka."

*

Malori ya kifusi yalianza kupita chini ya dirisha wakati Profesa Mtopa akiuliza, kwa mara nyingine, tofauti ya tope na matope.

"Profesa, naomba radhi," alisema Mashavu. "Lori linamwaga kifusi kwenye kinamasi. Sasa hivi. Naliona kutoka hapa."

Mwenyekiti hakugeuka. "Hilo ni suala la utekelezaji. Sisi tuko kwenye nadharia."

"Lakini mkinipitisha leo, sheria inawasimamisha leo!"

"Mtahiniwa asilitishe jopo. Jibu swali. Tope."

Mashavu alikuwa mwalimu, na mwalimu hujaribu njia nyingine mwanafunzi asipoelewa. Siku iliyofuata alisema kwamba kikao kikifungwa hakikomi, bali kinaendelea kwa namna ya matokeo. Jopo liliipenda sana hoja hiyo. Mwenyekiti aliiita hoja ya kina, akaagiza iingizwe katika mjadala, na mjadala wake ukala majuma.

Akamfuata Waziri. Mheshimiwa Mapepe alikuja kwa msafara, akaingia ukumbini, akamshika Mashavu mkono mbele ya kamera.

"Mheshimiwa, naomba uwaambie wamalize. Watu wa Bondeni watakosa maji."

"Ndugu wananchi," alisema Waziri kwa kamera, "mwangalieni mama huyu! Tangu aanze hajamaliza! Huyu ndiye mtahiniwa endelevu wa kwanza barani!"

Akapewa shada la maua ya plastiki, kwa kuwa maua ya kweli hunyauka.

Kutoka siku hiyo Mashavu alijibu huku akitazama dirishani. Matete yalilala chini ya kifusi, kifusi kikashindiliwa na tingatinga, juu yake zikasimama nguzo. Asubuhi moja Profesa Lihinda alikuwa akimwuliza juu ya chura na pato la taifa, naye akifungua kinywa ajibu, akasita.

"Mnasikia?" alisema.

Jopo likatega sikio.

"Tusikie nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hakuna sauti. Vyura hawalii."

"Sasa kama hakuna sauti, unataka tusikie kitu gani?" Profesa Ndelembi aliwatazama wenzake, nao wakacheka. "Afadhali, walikuwa wanatupigia kelele. Endelea."

Mashavu akaendelea. Alisema aliyoyasema mara zote, neno kwa neno, lakini hakuweza tena kuondoa macho pale kwenye nguzo.

*

Siku kikao kilipofungwa haikuwa na dalili yoyote. Jopo lilikuwa limefika kwenye swali la kama maji ni ya kike au ya kiume. Mlango ukafunguliwa, Mama Siwema akaingia na birika, akaliweka mezani kwa kishindo, nalo likalia kama ngoma.

"Chai hakuna."

Hakuna aliyeelewa.

"Sukari imekwisha?" aliuliza Profesa Lihinda.

"Sukari ipo. Majani yapo. Maji hakuna. Nimefungua bomba linakohoa kama mzee wa sigara. Nimemtuma mtu Bondeni, kakuta kinamama wamepanga ndoo kwenye chemchemi wanatazamana."

"Sasa sisi tutakunywa nini?"

"Mnaniuliza mimi? Si nyinyi mnaozungumza habari za maji humu tangu mwaka jana?"

Majoho yalisukasuka. Mtu wa Sheria alifunua kanuni, akanong'ona na Mwenyekiti. Profesa Ndelembi akasimama, akajikohoza.

"Waheshimiwa, kikao bila chai hakina akidi. Ninalazimika kukifunga."

"Lakini uendelevu, Mwenyekiti!" alilia mtu wa Michezo.

"Chai imekoma yenyewe. Sisi hatukukoma, tumefuata chai." Akamgeukia Mashavu. "Mtahiniwa amefaulu. Hongera, Dakta Kilindo. Una masahihisho madogo tu. Profesa Mtopa."

Profesa Mtopa alikuwa akilisubiri neno hilo kwa muda mrefu. Akavaa miwani.

"Tasnifu yako nzima imeandikwa katika wakati uliopo. 'Kinahifadhi maji.' 'Kinalisha chemchemi.' Dakta, tazama dirishani. Unaona chochote kinachohifadhi maji pale?"

"Sioni."

"Basi ni kosa la wakati. Sitaki mambo mengi. Kila penye 'kina', weka 'kili'. Kilihifadhi, kililisha. Kila penye 'kina', umenisikia? Tasnifu yote."

"Nimesikia," alisema Mashavu. "Na sheria? Mahali palipotafitiwa hapajengwi. Mmenipitisha sasa."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mwanafunzi mzuri aliyekosa swali rahisi.

"Sheria inasema hapajengwi. Haisemi hapakujengwa. Pale pameshajengwa, Dakta. Nawe ulikuwa hapahapa dirishani, mbona hukusema?"

*

Mashavu alirudi Bondeni na kopo tupu alilokuwa amebeba asubuhi likiwa na maji ya kunywa. Mama yake alikuwa ameketi kando ya matuta. Mchicha ulikuwa umelala.

"Nimefaulu, mama."

Bi. Zamda alitazama mchicha, akamtazama bintiye. "Hongera," alisema. Halafu, "Unataka kulia, lia sasa. Usije ukalia mbele yao."

Mashavu hakulia. Alikwenda chuoni, akaketi mbele ya kompyuta, akaifungua tasnifu. Angeweza kupitia sentensi moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akiwasahihishia watoto wa sekondari. Badala yake akaiagiza mashine kama alivyoagizwa yeye: kila penye "kina" iweke "kili", tasnifu yote.

Mashine haina shahada, ikafanya ilichoambiwa.

Akaanza kusoma. "Kilihifadhi maji." Sawa. "Kililisha chemchemi." Sawa. Kisha akaona: "Kilimasi cha Vyurani." Akashtuka, akashuka chini. "Kili cha maji katika kilimasi hupimwa kwa kijiti." Akageuza kurasa. "Maji hayo huchotwa na kilimama wa Bondeni."

Kidole kilikuwa tayari kurudisha maneno hayo mahali pake. Akayasoma tena. Kilimasi. Kilimama wa Bondeni. Akaondoa kidole.

"Wamesema kila penye 'kina'," alisema peke yake, akaichapa.

Profesa Mtopa aliipokea, akaisoma, akafika kwenye kilimasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mashavu alimsubiri. Uso wa mzee yule ulianza kuchanua.

"Kilimasi!" alisema. "Nomino iliyo katika wakati uliopita! Lugha zote za dunia zinapitisha vitenzi tu, sisi tunapitisha na vitu! Dakta, unajua umefanya nini?"

"Nimefanya ulichoniagiza, Profesa."

"Hasa! Mimi ndiye niliyeagiza!"

Mwezi haukuisha kabla kiambishi hicho hakijapigwa muhuri wa Chuo Kikuu, kikaingizwa katika kamusi ya Nchi, na Profesa Mtopa akapewa nishani ya ugunduzi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya taaluma iliyokamilika chuoni tangu uendelevu uingie.

*

Jengo lilifunguliwa siku moja na mahafali, ili hotuba zitoshe mara mbili. Lilikuwa na ghorofa, na lilikuwa na vioo. Mbele yake paliwekwa bomba la kung'aa ambalo Waziri angelifungua. Kinamama wa Bondeni walisikia kuna bomba, wakaja na ndoo, wakasimama nyuma ya wageni waalikwa.

Mheshimiwa Mapepe alifungua bomba. Likakohoa. Akapigiwa makofi, akalifunga kwa uangalifu ili maji yasipotee bure, akapanda jukwaani kuisoma tasnifu ya mhitimu wa siku.

"Kilimasi cha Vyurani," alisoma kwa sauti ya kishindo, "kililisha chemchemi, na maji yake huchotwa na kilimama wa Bondeni..."

"Mheshimiwa, samahani!"

Alikuwa Bi. Zamda, na ndoo yake kichwani. Mashavu, aliyekuwa jukwaani na joho, alimwona mama yake akipasua njia katikati ya viti.

"Kilimama ndiyo nini?"

Waziri alimtazama Profesa Mtopa. Profesa alinyanyuka na nishani yake, akafurahi kwamba hata watu wa Bondeni wamevutiwa na sarufi.

"Kilimama, mama yangu, ni kinamama katika wakati uliopita. Hiki kiambishi kili- hubandikwa kwa kitu kilichokuwapo na sasa hakina kazi tena."

"Hata kwa watu?"

"Hata kwa watu."

"Hata kwa wakubwa?"

"Sarufi haina mkubwa wala mdogo, mama."

"Ahsante sana," alisema Bi. Zamda, akapiga goti kwa heshima. "Ahsante, kiliprofesa."

Kwanza alicheka mtu mmoja, na aliyecheka ni Mama Siwema, ambaye mkataba wake wa chai ulikuwa umekufa na birika. Akaweka mikono kinywani akaita, "Shikamoo, kiliwaziri!" Kinamama wakaipokea wakipiga ndoo zao tupu. "Kiliwaziri, marahaba iko wapi? Kilimhandisi, daraja limefika?" Wanafunzi wakadaka, wakapanda mpaka ncha ya daraja lao lisilofika wakaimbia kule juu. Profesa Dakta Mhandisi Ndelembi aliamuru polisi wawakamate, na polisi wakataka, lakini mkubwa wao alikuwa amesoma kidogo. Alifungua kamusi. Neno lilikuwa na muhuri wa Chuo.

Mashavu alisimama jukwaani na joho lake. Hakuimba. Aliwahesabu wenye majoho wengine kwa macho, mmojammoja, namna mwalimu anavyoita majina asubuhi, na kwa kila mmoja midomo yake ilitikisika kidogo.

*

Neno lilisambaa kuliko uendelevu. Liliingia sokoni, likaingia barazani, likaandikwa kwa mkaa juu ya ukuta wa Ikulu: KILIMKUU. Mkuu wa Nchi alilisoma kutoka dirishani, akawauliza wasaidizi wake maana yake. Wakajibu kwamba kamati imeundwa na inaendelea. Ndipo akaagiza aletwe mtu anayejua.

Wakamleta Dakta Mashavu Kilindo. Alimkuta Mkuu ameketi peke yake katika chumba kikubwa, mzee sana, mkono mmoja umeshika kiti kama mtu aliye katika gari la mwendo kasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyelitunga neno hili?"

"Hapana, Mzee. Limetungwa na jopo la Chuo chako. Mimi nilifanya masahihisho madogo."

"Maana yake nini? Waziri ananiambia ni heshima."

Mashavu alitazama huku na huku. Vyeti vya uendelevu vilijaa ukutani. Nje, bustani ya Ikulu ilikuwa imegeuka rangi ya mkeka.

"Ni wakati uliopita, Mzee."

"Umepita lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Mbona sikuambiwa?"

"Uliambiwa, Mzee. Kikao kilikuwa kinaendelea."

Koo la Mkuu lilikuwa limekauka. Akagonga kengele. Mhudumu akaingia na sinia la fedha. Juu yake palikuwa na bilauri safi, iliyofutwa mpaka ikang'aa, na ndani yake hamna kitu. Mkuu akaitazama, akamtazama mhudumu.

"Maji yako wapi?"

Mhudumu akainama kwa adabu, maana neno la kwanza, lile la Waziri, lilikuwa limeshafika hata jikoni.

"Yanaendelea kuja, Mzee."